Uso wa Mume Wangu Ulipoungua, Nilifurahi

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, lakini kabla ya kunisaidia naomba uisome barua hii mpaka chini, maana ukiishia katikati utanionea huruma, na huruma nimeila mwaka huu mpaka imenikinai.

Nina miaka thelathini na nne, nashona kwenye karakana ya sare za shule, na kazi yangu ni kola tu, wenzangu wengine wanashona mikono, wengine mifuko, mimi kola, mwaka wa kumi na moja sasa. Niseme mapema ili usije ukadhani najishusha kwa sababu ya huzuni: mimi si mzuri. Sikupata ajali, sikuugua, ndivyo nilivyoumbwa, nina paji pana na taya kama la kaka zangu, na tangu nikiwa msichana nimezoea kuona macho ya mtu yakinifikia, yakinisabahi, kisha yakiendelea na safari yao kwa mwingine. Nyumbani akija mgeni, mdogo wangu aliitwa aje asalimie, mimi niliitwa nilete maji, na hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, walifanya tu kama watu wanavyoweka maua mezani na ufagio nyuma ya mlango.

Mume wangu ni fundi wa magari, na mtaani wote walimwita Picha, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu alikuwa mzuri wa kutundikwa ukutani. Wanawake walipeleka pale gereji magari mazima, wakasema wanasikia mlio, kuna mmoja alipeleka asubuhi, mlio ukaondolewa, jioni akarudi na mlio mwingine. Siku aliyokuja karakana kwetu kutafuta wa kumrekebishia ovaroli, cherehani zote zilisimama isipokuwa yangu, mimi sikusimamisha kwa sababu nilikwishajua vitu vya namna ile haviji upande wangu, na yeye akapita katikati ya wasichana wote akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu, akasema, "Dada, kola hii imenishinda." Baada ya miezi saba akaleta posa. Mama yangu mzazi alinivutia jikoni akaniuliza, "Mwanangu, una hakika ni wewe? Isije ikawa kijana wa watu amekosea nyumba." Tulicheka wote wawili, ila mimi kicheko kilinikwama hapa kooni na mpaka leo hakijashuka.

Sasa nikiri la kwanza. Nilimpenda kwa uso. Sikujua kama ni mpole, sikujua kama ni mchapakazi, hayo niliyakuta ndani nikiwa nimeshaolewa, wakati ule nilichotaka ni kupita mtaani nimeshika mkono ule ili wote waliowahi kunipita wanione nimeshikana na nani. Na walituona, Mama, walituona, lakini nilichosikia nyuma yetu ni "Amempa nini?" Siku ya harusi mpiga picha aliniambia, "Bibi harusi, inamisha kichwa kidogo, kidogo tena, tena," mpaka kwenye picha naonekana kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Wifi yangu, dada yake mkubwa ambaye ndiye aliyemlea, alinikumbatia akasema, "Karibu nyumbani, wewe hutatusumbua." Nilidhani ananisifia tabia.

Miaka tisa niliishi kama askari wa zamu. Mungu hajatujalia mtoto, kwa hiyo sikuwa na cha kumshikia. Nilinusa mashati, nilihesabu dakika kutoka gereji mpaka nyumbani, nilijua akipitia dukani ni dakika ngapi na asipopitia ni ngapi, na hakuwahi kunipa sababu hata moja, na hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwa sababu nilikuwa nangoja kitu ambacho hakiji na siwezi kuacha kukingoja.

Mwaka jana, siku ya kazi ya kawaida, mchana, alikuwa ameinama anasafisha kabureta kwa petroli ndani ya beseni, na fundi mwenzake upande wa pili akawasha mashine ya kuchomelea. Cheche moja. Waliniita nikakimbia na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani kwenye gauni. Upande wa kushoto wote wa uso, sikio, na shingo mpaka begani. Wiki saba wodini. Bandeji zilipotolewa, muuguzi alinishika kiwiko akidhani nitaanguka, na sikuanguka. Nilimtazama mume wangu, nikamtazama vizuri, na ndani yangu, Mama mshauri, mbele ya Mungu naandika hivi, kitu kilichokuwa kimekaza kwa miaka tisa kikalegea. Nilifurahi. Nilijisemea, sasa hakuna atakayekuja na mlio.

Nilimuuguza kama yai. Nilimkanda ngozi kwa mafuta asubuhi na jioni, nilimkatia chakula vipande vidogo kwa sababu mdomo ulivutwa upande mmoja, na jicho lake la kushoto ambalo halifungi hata akilala nalifuta mwenyewe kwa kitambaa laini kwa sababu linatoa machozi, na siku hizi limekuwa jekundu na mwanga unamchoma. Watu wakaniona. Kliniki kina mama walinishika mikono, "Dada, Mungu akubariki kwa kubaki, wengine wangekwishakimbia." Karakana walinipigia makofi nilipowahi kazini kutoka hospitali. Na tulipopita mtaani watu walimtazama yeye wakageuza macho haraka, wakayaleta kwangu wapumzike. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu tulipita njia ile na mimi ndiye niliyekuwa mzuri. Sikutaka iishe, huo ndio ukweli, usinikatize.

Kisha nikafanya kosa la kuuliza. Jumapili moja tumekaa kibarazani, yeye amegeuzia jua upande wake mzima, ametulia, nikaona ndiyo siku ya kusikia neno tamu. Nikamuuliza, "Hivi siku ile karakana, wasichana wote wale, kwa nini ulikuja kwangu?"

Akafikiri. Mume wangu si mtu wa kuropoka. Akasema, "Nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Mama yangu alikuwa mzuri kupita wanawake wote wa mtaa wetu. Nilikuwa na miaka saba alipoondoka na dereva wa lori, alitoka na sufuria ikiwa bado jikoni. Nikajiapia nitaoa mtu ambaye hakuna atakayekuja kumchukua." Akanishika mkono. "Na sikukosea. Ona. Nimeharibika hivi na bado uko hapa."

Alisema kwa shukrani, Mama. Bora angenitukana, ningejua pa kuliweka. Aliniambia mbele ya jua kwamba katika karakana ile yote alitafuta uso uliokuwa hautakiwi na mtu, akauona wangu, akaja moja kwa moja. Nikasema, "Ahsante," nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumanne yake hospitali ikapiga simu. Simu yake yeye iliungua kwenye ajali, kwa hiyo faili lake lina namba yangu. Nilikuwa kwenye cherehani, kola imelala chini ya mguu wa mashine. Muuguzi akasema madaktari bingwa wa kupandikiza ngozi wanakuja kwa siku tisa, jina la mume wangu limepita, kitanda kipo, wataanza na kope la chini na upande wa mdomo, anahitaji jibu leo ili wapange orodha. Nikamsikia anapekua karatasi. Nikasema, "Hataki."

"Hataki?"

"Amesema amekubali hali yake. Hataki kukatwakatwa."

Akasema, "Mama, una hakika? Nafasi hizi watu wanazililia."

"Nina hakika."

"Ungenipa nizungumze naye mwenyewe."

"Amelala," nikasema, saa nne asubuhi, na mume wangu wakati huo yuko gereji anawaelekeza vijana kwa mdomo kwa sababu hawezi tena kukaribia moto. Nikakata simu, nikamalizia ile kola, na ilitoka imenyooka kuliko zote za siku ile.

Mume wangu, aliyeandikishwa tangu wodini, aliniuliza mara mbili, "Hawajapiga tu?" Nikasema bado. Madaktari wakaja, wakakaa siku tisa, wakaondoka. Halafu wiki iliyopita akatembelewa na mpishi mmoja waliyelala naye wodi moja, aliyeungua mikono kwa mafuta, na yule mpishi akaingia sebuleni kwetu akaonyesha mkono wake mpya kama mtu anayeonyesha saa, akasema, "Wewe vipi, mbona hukutokea? Mimi nilikuwepo, walisema walimtarajia mtu wa uso." Mume wangu akanigeukia. Nilikuwa nimebeba sinia. Nikasema, "Hospitali hizi! Wamesahau kupiga." Na yeye akaniamini pale pale, hata nusu dakika hakuchukua.

Sasa wifi yangu amekasirika kuliko mimi, ameandika barua ya malalamiko, anataka muuguzi anayeshughulika na simu aitwe ajieleze, amesema hatatulia mpaka mtu afukuzwe. Mume wangu hajasema mengi, ila juzi nilimkuta amesimama mbele ya kioo cha bafuni ameziba upande ulioungua kwa kiganja, anaangalia upande uliobaki, na aliponiona akashusha mkono akaanza kunawa.

Nishauri. Nikimwambia, ataniacha, na akirudishiwa uso wake pia ataniacha, na nikinyamaza kuna mwanamke nisiyemjua atapoteza kazi kwa ajili yangu. Na bado kuna sauti inaniambia, hata yeye hakukuchagua kwa mapenzi, kwa hiyo una deni gani kwake? Sijui kama ninampenda au nilikuwa naupenda uso tu, na sijui kama kilichobaki ni mapenzi au ni raha ya kuwa na mtu asiyeweza kwenda popote. Niambie mimi ni mtu wa namna gani.

Mshona Kola

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, marahaba. Nimeisoma mpaka chini. Na wewe isome yangu hivyo hivyo, usiruke mahali.

Barua yako ina kurasa sita. Uso umeuandika mpaka nikachoka kuhesabu. Jicho umelitaja mara moja, katikati, kama mtu anayetaja kwamba jana palikuwa na upepo. Jicho lisilofunga, jekundu, linalochomwa na mwanga! Jicho lisilofunikwa hukauka, na likikauka hupata kidonda. Wewe ulikuwa unajiuliza kama mumeo atarudi kuwa mzuri, na yeye alikuwa anapofuka huku unamfuta kwa kitambaa laini.

Kwa kawaida siwapigii simu wanaoniandikia. Wewe nilikupigia siku ile ile, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, na akapokea mumeo. "Halo, karibu," akasema, sauti ya mtu asiye na haraka na watu. "Yuko nje anaanika nguo. Nimwambie nani?" Nikasema ni mtu anayeulizia kola. Akacheka. "Kola? Basi umempata mwenyewe, hakuna mwingine mji mzima." Kisha akakuita kwa sauti ya mtu anayejivunia. Nakuandikia hili kwa sababu wewe hukuwa upande wangu wa simu, na nina hakika katika miaka tisa ya kunusa mashati hujawahi kumsikia anavyokutaja ukiwa haupo.

Nilikwambia jambo moja tu: kesho asubuhi, daktari wa macho, usingoje wa ngozi. Ulimpeleka, na haki yako nakupa. Uliponipigia wiki iliyofuata ulilia kwanza, nikangoja, ndipo ukasema. Kidonda kimekula katikati ya kioo cha jicho. Wamelishona kope pembeni ili lifunike, wamempa dawa ya matone kila baada ya saa mbili, jicho litabaki, lakini sehemu kubwa ya kuona kwake haitarudi. Na daktari alipouliza mbona mmechelewa, wewe ukajibu mbele ya mumeo kwamba hospitali haikupiga simu.

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokasirika sawasawa. Uongo wa kwanza uliusema ukiwa na jeraha la siku mbili, mguu kwenye cherehani, na hata mimi nikiuelewa siutetei. Huu wa mwisho uliusema mumeo akiwa ameshapotezewa jicho, na ukamtwika lawama mtu aliyekuuliza "una hakika?" na kukuomba azungumze na mgonjwa mwenyewe. Unadhani muuguzi wa namna ile hakuandika? Mtu anayeuliza hivyo huandika. Mahali fulani kwenye wodi ile pana daftari lenye tarehe, saa, na neno "mke". Barua ya wifi yako ikifika, daftari hilo litafunguliwa, na mumeo ataambiwa na mgeni aliyekaa nyuma ya meza. Kwa hiyo achana na swali la nimwambie nisimwambie. Atajua. Kilichobaki mkononi mwako ni nani amwambie.

Sasa kuhusu sura. Sitakudanganya kwamba sura si kitu. Wanaosema hivyo waulize kama wake zao waliwachagua wamefumba macho. Mtu mwenye sura nzuri hupewa na tabia nzuri juu yake, kabla hajafungua mdomo, na mwenye sura ya kawaida huanza kila asubuhi kwa kujieleza. Ni dhuluma, na wewe umedhulumiwa tangu ulipoitwa ulete maji. Nikiwa na miaka ishirini na mbili nilimkataa mwalimu mmoja kwa sababu meno yake yalipandana, nikaolewa na tabasamu. Tabasamu lilitoka mlangoni mwaka wa nne, halijarudi mpaka leo, na yule mwalimu nasikia bado anamsomea mkewe gazeti kila asubuhi. Kwa hiyo usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu.

Na mumeo naye nisimwache. Alichokwambia kibarazani ni tusi, hata akilisema huku amekushika mkono. Kumwambia mwanamke "nilikuchukua kwa kuwa hakuna atakayekutaka" ni kumvua nguo mbele za watu, na kwamba hakujua anakuvua hakukupunguzii baridi. Ulikuwa na haki ya kulia siku ile, ya kupiga kelele, ya kwenda kwa mama yako wiki nzima. Badala yake ukasema ahsante, ukaosha vyombo safi, na ile hasira uliyomnyima yeye ukaitoa Jumanne kwenye simu.

Lakini angalia mlichofanya ninyi wawili. Yeye alikuja kwenye meza yako kama mtu aliyekwenda dukani kutafuta kufuli. Na wewe ulimkubali ili umtembeze barabarani kama jibu kwa watu ambao hata hawakumbuki kwamba walikukosea. Mtoto wa miaka saba aliyeachwa na sufuria jikoni, na msichana aliyesimama na sinia la maji. Hao ndio waliooana. Ninyi wakubwa hamjawahi kukutana. Umeniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Wewe ni mtu aliyeogopa mpaka akawa mkatili, na wa namna hiyo ni wengi, ila wengi wao hawaandiki barua.

Haya, fanya ninayokwambia, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kesho usiende karakana. Nenda hospitali, wodi ile ile, muulizie muuguzi aliyekupigia, na umwambie uso kwa uso kwamba ulidanganya. Atakusema. Mwache akuseme. Kisha andika kwa mkono wako kwamba mgonjwa hakuulizwa na kwamba anaitaka nafasi, utie sahihi, karatasi moja umwachie yeye imlinde na nyingine iingie kwenye faili. Waombe namba waibadilishe, waweke ya gereji, mumeo apokee simu zake mwenyewe. Madaktari wale watarudi. Hawakusema lini, na hilo pia utalibeba.

Ukitoka hapo usipitie kwa mama yako wala kwa shoga yako. Nenda nyumbani. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, wifi asiwepo. Anza na simu, usianze na kibarazani. Ukianza na alichokwambia Jumapili ile utakuwa unamuuzia kosa lako kwa bei ya kosa lake, na yeye kwa upole wake atalinunua. Mwambie siku, saa, maneno uliyosema, yote. La jicho liseme kwa mdomo wako, kwamba lingeweza kupona kama kope lingetengenezwa mapema. Usilie kabla yake. Ukilia wewe kwanza ataanza kukubembeleza, nami namfahamu kwa dakika moja tu ya simu na najua atakubembeleza. La kibarazani mtalizungumza siku nyingine, kama itakuwepo siku nyingine, na siku hiyo mwambie bila kumeza kwamba lilikuumiza.

Akikuuliza maswali, mjibu yaliyo kweli, hata yale unayotamani asiulize. Usimwombe msamaha ili akupe siku ile ile, omba kisha unyamaze. Na ukae wewe upande wa dirisha, yeye akae karibu na mlango. Nimesema kwa makusudi. Katika ndoa yenu yote hakuna aliyewahi kubaki akiwa anaweza kuondoka. Yeye alikuamini kwa kuwa huna pa kwenda, wewe ukatulia alipokuwa hana pa kwenda. Akisikia yote hayo, ana uso ule ule na jicho moja, kisha akabaki, hapo utakuwa umechaguliwa kwa mara ya kwanza.

Nami sidhani atabaki. Nisikufiche. Nadhani atainuka taratibu, hatakupiga wala hatakutukana, na ataomba begi. Akiomba, usisimame mlangoni. Lipange mwenyewe, mashati juu ili yasikunjike, na ile dawa ya matone uiweke mfuko wa nje, asihangaike kuitafuta.